Waajiri wenzangu, dini kazini mnaishughulikiaje? Zamu za Ijumaa, Sabato na maombi ya lazima

#1 Mwokaji wa Igoma
Wakuu, habari za jioni.

Nina bekari hapa Mwanza, wafanyakazi hawazidi ishirini, tanuri linawaka siku saba. Zamu ya usiku inaanza saa mbili, na mkate unatakiwa uwe umeshatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri kwa sababu bodaboda wanasubiri. Zamu ya mchana ni maandazi, skonzi na kufungasha.

Kinachonisumbua ni haya. Vijana wanne wa mchana ni Waislamu. Ijumaa wanatoka pamoja kwenda msikitini, na saa saba ndipo wenye maduka wanakuja kuchukua skonzi. Mkandaji wangu wa usiku, ambaye sijapata mwingine mfano wake, amebatizwa Usabato mwaka huu na ameniambia usiku wa Ijumaa hataingia tena. La tatu ndilo zito. Msimamizi wa usiku ni mlokole, mtu mwaminifu sana, hesabu zake hazijawahi kupungua hata shilingi. Ameanzisha maombi kabla ya zamu. Wanashikana mikono, anapaka mashine mafuta ya upako. Kijana mmoja Mwislamu alikataa kuingia kwenye duara, na tangu hapo nikitazama daftari la kazi naona kila usiku anayesugua trei ni yeye.

Sitaki kumfukuza mtu. Nataka kujua sheria inanitaka nini, na nyie wenye watu mnafanyaje.

#2 Chuma cha Pua
Dini ibaki getini. Mkataba unataja saa za kazi, saa zifuatwe. Ukimpa huyu Ijumaa na yule Jumamosi, wa tatu atakuja na Jumatano ya maombi ya mlimani. Asiyeweza aseme mapema, watu wanaotafuta kazi wamejaa.

#3 Bint Ramadhani
@Chuma cha Pua, Krismasi iliyopita ulikuwa kazini? Ijumaa Kuu je?

Dini imeshaingia getini zamani, ila kwa wengine iliingia ndani ya kalenda, kwa hiyo hawaioni. Ofisi zinafungwa Jumapili na hakuna Mkristo anayeandika barua ya kuomba ruhusa ya ibada. Mwislamu anayeomba ruhusa ya muda wa saa moja na nusu siku ya Ijumaa ndiye anaonekana ameleta dini kazini. Tuanzie hapo kwanza, halafu ndiyo tuongelee skonzi.

#4 Afisa Utumishi Mstaafu
Mleta mada, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuandika barua ya onyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi mingi na dini imo. Inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja. Huu wa pili ndio waajiri wengi hawaujui: kanuni inaweza kuwa moja kwa wote na bado ikawaumiza watu wa imani fulani tu. Kifungu hicho hicho kinahesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi. Kwa hiyo habari ya trei isikupite hivi hivi. Ni hiyo inayoweza kukufikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Ijumaa na Sabato zina njia.

Ijumaa: anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya mapumziko ya dakika 60, na mapumziko hayo hulazimiki kuyalipia kama hayuko kazini. Sogeza mapumziko ya wale wanne yaangukie saa ya swala. Swala ikizidi mapumziko hayo kwa nusu saa, wanaifidia asubuhi au jioni. Andikeni, wasaini.

Sabato: sheria inataka mapumziko ya wiki yasiyopungua saa 24 mfululizo. Haikusema lazima yawe Jumapili.

#5 Mtoto wa Mji Mkongwe
Assalaam alaykum. Nyongeza kwa mzee wa #4: hiyo ya 2004 ni sheria ya Bara. Huku Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Nasema kwa sababu uzi huu watausoma na watu wa Unguja na Pemba wenye hoteli, halafu wakanukuu vifungu visivyowahusu.

#6 Afisa Utumishi Mstaafu
Sahihi kabisa @Mtoto wa Mji Mkongwe. Ila Katiba ya 1977, ibara ya 19 ya uhuru wa kuabudu, inatugusa sote.

#7 Mpare wa Suji
Mimi ni Msabato wa kuzaliwa. Naomba nimweleze mleta mada maana wengi wanadhani tunataka Jumamosi mchana tu. Sabato inaingia jua likizama Ijumaa na inatoka jua likizama Jumamosi. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni mtu anatakiwa awe ameshaoga, ameshapika, ametulia na familia. Kumwambia Msabato "ingia Ijumaa usiku, Jumamosi mchana utapumzika" ni kumnyang'anya nusu ya Sabato.

Upande wa pili ni faida kwako mwenye tanuri. Jumamosi jua likizama yuko huru. Mpe usiku wa Jumamosi kila wiki, ule ambao Wakristo wengine wanaukwepa ili waamkie kanisani.

#8 Kirumba Sokoni
Mpare, hiyo saa kumi na mbili na nusu ni ya kwenu mashariki. Huku Mwanza jua linazama saa moja kasoro, kuna miezi inafika saa moja kamili. Zamu inaanza saa mbili, kwa hiyo Ijumaa haiokoki, lakini Jumamosi ana saa nzima ya kufunga Sabato yake kanisani kabla ya kushika unga. Hoja yako imesimama.

#9 Mkatoliki wa Zamu
Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyenitaja.

Nafanya kazi kiwandani, kwetu pia siku saba. Wenzangu Waislamu wana Ijumaa yao, tuna Wasabato wawili wana Jumamosi yao, na wote nawaheshimu. Lakini nani anajaza nafasi zao? Ni mimi, na Jumapili pia niko zamu, maana "Wakatoliki mna misa nyingi". Natoka saa kumi na mbili asubuhi nakimbilia misa ya kwanza na nguo za kazi, nasinzia kwenye mahubiri. Mwajiri anaonekana muungwana kwa watu wa imani mbili kwa kutumia usingizi wangu.

@Mwokaji, kabla hujawapa ruhusa hao watano, waulize wanaobaki.

#10 Bint Ramadhani
#9 umesema jambo la kweli, na sitalipunguza. Ila deni hilo ni la mwajiri aliyepanga zamu. Wenzako wanaoswali hawakukukosea.

#11 Mkatoliki wa Zamu
Sijawalaumu, dada. Nimeuliza anayelipa ni nani.

#12 Likoni Feri
Salamu kutoka Mombasa. Kwetu Katiba ya 2010, ibara ya 32, imetaja wazi kuwa uhuru wa dini ni pamoja na kuadhimisha siku ya ibada, na kwamba mtu hawezi kunyimwa ajira kwa sababu ya imani yake. Inaongeza kuwa hakuna mtu atakayelazimishwa kufanya tendo lililo kinyume na dini yake. Hiyo ya mwisho ndiyo ya duara la maombi la msimamizi wako.

Maneno ni matamu kwenye karatasi. Bado kuna ofisi ambazo mkutano wa Jumatatu haufunguliwi bila mtu kuambiwa "tuombee", na Mwislamu au asiye na dini anainamisha kichwa asije akaonekana mkorofi.

#13 Chuma cha Pua
Nimesemwa, nijibu. Krismasi nilikuwa kazini, @Bint Ramadhani. Nasimamia ujenzi, zege halisubiri sikukuu.

Mlinielewa vibaya. Nilikuwa na fundi aliyekuwa anatoka Ijumaa saa tano asubuhi na kurudi saa tisa, akisema swala. Msikiti uko mtaa wa pili. Mafundi wengine Waislamu walikuwa wanatoka saa sita na nusu na saa nane wameshika mwiko. Waliomsema ni hao hao wenzake wa msikitini. Nikimwandikia onyo naambiwa nachukia Uislamu, nikimwacha, nidhamu inakwisha. Ndiyo maana nasema getini, kwa sababu ya kuchoka kuwa hakimu wa ibada za watu.

#14 Afisa Utumishi Mstaafu
@Chuma, hilo si kesi ya dini. Una mashahidi Waislamu wanaorudi saa nane. Onyo liandike "umechelewa kurudi kwa saa moja", neno swala lisiwepo kwenye barua. Ukishaanza kujadili urefu wa khutba na mfanyakazi umekwisha.

#15 Mke wa Mchungaji Mdogo
Mimi nimeokoka na nawatetea walokole kidogo. Msimamizi huyo anaomba kwa sababu anaamini usiku una hatari, kuna moto, kuna mashine zinazokata vidole. Kwake kuanza kazi bila kuomba ni uzembe. Usimdharau ukidhani anajionyesha.

Lakini dada yenu nimekaa na upande mwingine pia. Kazi yangu ya kwanza mwenye kampuni alitutaka wote tuingie ibada ya asubuhi, na michango ya jengo la kanisa lake ilikatwa kwenye mshahara. Nilikuwa muumini, nilipenda maombi, na bado nilijisikia naibiwa. Sadaka ya kukatwa si sadaka. Mwenzangu Mwislamu alikuwa anaingia, anakaa nyuma, anatazama simu, na kwenye tathmini ya mwisho wa mwaka aliandikiwa "hana ushirikiano". Hakubaguliwa siku ya kwanza. Ilikuja polepole, kupitia vitu vidogo kama hizo trei.

#16 Likoni Feri
Hapo #15 ndipo penye kiini. Hatari haipo kwenye maombi yenyewe. Ipo kwa anayeomba kuwa ndiye anayegawa kazi.

#17 Kirumba Sokoni
Sikubaliani. Hata akiongoza mtu asiye na cheo, wenzake kumi wakishikana mikono na wewe umesimama pembeni, umeshatengwa.

#18 Tanga Raha
Mimi nina bekari pia, na ni Mwislamu, kwa hiyo tatizo langu liko kinyume na la mleta mada: wafanyakazi wangu wengi wanafunga na mwezi wa Ramadhani ndio wa biashara. Asubuhi mkate haununuliki, lakini kuanzia alasiri watu wanataka mkate wa ajemi, mkate wa kumimina, sambusa, kaimati. Na mbele ya tanuri joto halina huruma kwa mfungaji.

Mwanzoni nilifikiria kuhamishia wote usiku.

#19 Kirumba Sokoni
Na tarawehe wakaswalie kwenye unga?

#20 Tanga Raha
Hahaha, ndiyo waliyoniambia. Kwa hiyo zamu ya usiku sasa inaanza saa nne, watu wameshafuturu na kuswali, inaisha saa kumi wapate daku nyumbani. Kazi ya tanuri mchana wanashika wasiofunga, na wana sehemu yao ya kulia yenye pazia, wasile kwa kujificha chooni kama nilivyoona mahali pengine. Ndugu zetu wana haki ya kula. Na anayefunga anapangiwa kufungasha na kuhesabu.

Usiku kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi kuna ile nyongeza ya asilimia 5 kisheria. Wengi hawaijui, ilipeni.

#21 Maskati Kwetu
Salaam kutoka Maskati. Huku Oman sheria inapunguza saa za kazi za Mwislamu mwezi wa Ramadhani ziwe sita kwa siku, thelathini kwa wiki. Nashukuru, nafunga kwa utulivu. Lakini idara yetu tuna Wakristo kutoka India na Ufilipino, wao saa zao ni zile zile, na sisi tukiondoka simu zinabaki kwao. Hakuna anayelalamika kwa sauti, ila Shawwal ikiingia unaona nyuso. Nilipoenda Dubai nikaona kule wanawapunguzia saa mbili wafanyakazi wote bila kuuliza dini, na mambo yanakwenda.

Na hizo siku za mapumziko msizione kama zimeteremshwa. Huku zilikuwa Alhamisi na Ijumaa, 2013 zikahamia Ijumaa na Jumamosi. Falme za Kiarabu mwaka 2022 wakaenda Jumamosi na Jumapili, Ijumaa nusu siku, ili waende sambamba na masoko ya dunia. Kalenda inafuata biashara kuliko tunavyokiri.

#22 Bint Ramadhani
@Maskati Kwetu asante. Kumbe hata penye Waislamu wengi swali la #9 lipo, limebadilisha upande tu.

#23 Mchinjaji Vingunguti
Mnasahau kazi ambazo dini ndiyo kazi yenyewe. Machinjioni anayeshika kisu anatakiwa Mwislamu, nyama iweze kuliwa na wote. Huo nao ni ubaguzi?

#24 Afisa Utumishi Mstaafu
Hapana. Kifungu cha 7 kinaruhusu kutofautisha watu kama ni hitaji la msingi la kazi yenyewe. Mwenye kisu, sawa. Lakini mchuna ngozi, dereva wa gari la nyama na mhasibu hawahitaji dini yoyote, na nimeona matangazo yakiwatupia wote kapu moja. Vivyo hivyo kanisa likitafuta katekista na likitafuta mlinzi ni mambo mawili.

#25 Mke wa Mchungaji Mdogo
Na zile fomu za kuomba kazi zenye mstari wa "Dini"? Taifa lenyewe sensa ya mwisho kuuliza dini ni ya 1967. Duka la vifaa vya ujenzi linataka kujua ili iweje?

#26 Chuma cha Pua
Ili kujua umzike vipi akifa kazini. Nasema kweli, imenitokea kijana akaanguka, hatukujua tumpigie shehe au padri, na ndugu wako Kigoma.

#27 Mke wa Mchungaji Mdogo
Pole sana. Basi iulizwe baada ya kuajiriwa, pamoja na namba ya ndugu wa karibu. Isiulizwe kabla.

#28 Boksi Ohio
Nawasoma kutoka Marekani, nabeba boksi ghalani na wenzangu wengi ni Waafrika Mashariki. Swali la #9 huku limefika Mahakama ya Juu kabisa. Tarishi mmoja wa Pennsylvania, Mkristo, alikataa kusambaza vifurushi Jumapili. Wenzake wakawa wanabeba zamu zake. Juni 2023 majaji wote tisa wakasema mwajiri hawezi kukataa kwa kutaja usumbufu mdogo tu, kama ilivyokuwa inatafsiriwa tangu kesi ya 1977. Lazima aonyeshe mzigo mkubwa kwa biashara yake. Na manung'uniko ya wenzake yanahesabika pale tu yanapoathiri biashara. Wakinuna kwa sababu hawaipendi dini yake, hayo hayahesabiki.

Waislamu nao: kiwanda cha nyama cha Cargill kule Fort Morgan, Colorado, Desemba 2015, Wasomali zaidi ya mia moja walipoteza kazi kwenye mgogoro wa mapumziko ya swala. Mwaka 2018 ukamalizwa kwa dola milioni 1.5. Fedha ile ingelipa dakika kumi za swala kwa miaka mingi sana.

#29 Mkatoliki wa Zamu
@Boksi Ohio, kwa hiyo majaji wamesema nikichoka si mzigo mpaka tajiri apate hasara?

#30 Boksi Ohio
Kwa ufupi ndiyo, ukichoka mpaka kazi iharibike. Na mimi naona pana pengo hapo.

#31 Sumbawanga Oyee
Wote mnaongelea misikiti na makanisa. Mimi niliwahi kufanya kazi dukani ambako tajiri alimleta mtaalamu wa jadi kuzindika, tukaambiwa kila mfanyakazi aruke chungu cha dawa mlangoni. Mkristo akakataa, Mwislamu akakataa, tukabaki nje wote mpaka saa nne na wateja wanatazama. Siku ile dini zote zilishikamana.

#32 Bint Ramadhani
Hapo hata Chuma angekubali ibaki getini.

#33 Fundi Mitambo
Turudi kazini. @Mwokaji, kama una dada wa Kiislamu karibu na mashine ya kukandia, suala la mtandio lipange sasa. Mtandio mrefu unaoning'inia, tai, rozari ya shingoni, hirizi ya mkononi, vyote vinaweza kuvutwa na mhimili. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, jukumu ni lako. Usiseme "vua hijabu". Nunua zile za kubana zisizo na ncha, rangi ya sare yenu, na rozari nayo iingie ndani ya koti. Ukimgusa mmoja tu watasema umemlenga.

Na hayo mafuta ya upako, yapo kwenye mashine ya chakula. Kwa usafi tu hayaruhusiki, achana na dini.

#34 Mwokaji wa Igoma
Wakuu, nashukuru. Nimeshaanza.

Ijumaa tumekubaliana: wawili wanaswali msikiti wa karibu unaowahi, wawili ule wa mjini unaochelewa, kwa hiyo mezani hawakosekani watu, na wenye maduka nimewasogezea saa sita. Mkandaji anachukua usiku wa Jumamosi daima na Ijumaa imebaki kwa msaidizi wake, nimempandishia mshahara kwa sababu sasa anakanda peke yake. #9 nilikufuata, niliwauliza waliobaki. Waliniambia hawana shida na Sabato, shida yao ni kwamba hawajui zamu ya wiki ijayo mpaka Jumapili jioni. Sasa naibandika wiki mbili mbele.

Msimamizi ndiye bado. Nilimwambia maombi yawe dakika kumi kabla ya zamu, nje ya chumba cha kazi, kwa anayetaka, na ugawaji wa kazi nimeuchukua mimi. Alinisikiliza akaniuliza, "Bosi, miaka yote hii hatujawahi kuungua wala kukatika mtu kidole, unadhani ni nini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

#35 Kirumba Sokoni
Umemnyang'anya ugavi wa kazi mtu ambaye hajawahi kukupotezea shilingi. Atakuona umechukua upande.

#36 Likoni Feri
Na kijana wa trei angemwona amechukua upande kama asingefanya hivyo.

#37 Mpare wa Suji
Mwokaji, umeshafikiria Idd? Krismasi inajulikana, Idd inategemea mwandamo.

#38 Mwokaji wa Igoma
Waislamu wamejitolea kushika mkesha wa Krismasi wote, Wakristo washike Idd. Nimeacha nafasi siku mbili kwenye ratiba kusubiri tangazo.

#39 Tanga Raha
Siku mbili hazitoshi, ndugu. Uliza kwanza nani anafuata tangazo la BAKWATA na nani anafungua na Makka. Kwangu hapa mwaka juzi nusu walikuwa kwenye swala ya Idd na nusu bado wamefunga, na wote wananitazama mimi.